Vyumba Vinne vya Karatasi Moja

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 31, na ninaishi Uyole, jijini Mbeya, ambako hununua viazi mviringo kutoka kwa wakulima wa milima ya Uporoto na kuviuza kwa magunia kwa wafanyabiashara wanaovipeleka Dar es Salaam. Mume wangu ni dereva wa lori kati ya Tunduma na Dar es Salaam, na kwa kawaida huwa nyumbani siku mbili au tatu tu kwa wiki. Tunaishi kwa amani. Ninakuandikia si kwa sababu ya ugomvi, bali kwa sababu ya hesabu iliyoingia ndani ya nyumba yetu, ambayo mimi siwezi kuikubali wala kuikataa.

Mtoto wetu wa kwanza, mvulana wa miaka sita, ana selimundu, ugonjwa ambao wengi huku tunauita sikoseli. Tuligundua alipokuwa na miezi tisa, baada ya vidole vyake vya mikono na miguu kuvimba, akawa analia usiku kucha, na hatimaye akalazwa kwa kupungukiwa damu. Sisi wazazi tulipopimwa ilionekana kwamba wote wawili ni AS, yaani tumebeba kinasaba cha ugonjwa lakini wenyewe hatuumwi. Muuguzi aliyetupa majibu siku ile alikuwa na foleni iliyofika nje. Alichukua kipande cha karatasi, akachora mraba wenye vyumba vinne, akaandika AA, yaani asiye na kinasaba hicho, katika chumba kimoja, AS katika viwili na SS, yaani mgonjwa, katika kimoja, akatuambia, "Kwenu nyinyi ni mmoja kati ya wanne," kisha akaita jina la mgonjwa aliyefuata.

Mume wangu aliichukua ile karatasi, na kwa miaka yote hii ameitunza ndani ya daftari lake la safari. Katika chumba cha SS alitia alama ya vema kwa wino mwekundu, kwa ajili ya kijana wetu. Binti yetu, ambaye sasa ana miaka miwili na nusu, alipopimwa na kuonekana ni AS, akatia vema ya pili. Mwezi uliopita alirudi kutoka safari, akala, kisha akaikunjua karatasi mezani na kuniambia kwa upole kabisa: "Mama watoto, tazama. Aliyekuwa wa kuumwa ameshatoka. Vyumba viwili vilivyobaki ni AA na AS. Tukizaa wawili wengine, wote watakuwa wazima. Haya si maneno yangu, ni ya hospitali."

Mama mkwe anamuunga mkono, ila yeye huongeza kwamba ugonjwa ulitoka upande wetu, Kyela, kwa kuwa katika ukoo wao, ambao asili yake ni kandokando ya Ziwa Victoria, hajawahi kusikia mtoto wa namna hiyo. Dada yangu anayeishi Rujewa anasema kinyume kabisa: kwamba damu zetu hazipatani, kwamba kwa binti tuliponea chupuchupu, na kwamba kila atakayefuata atakuwa kama kaka yake. Ananitajia jirani yake aliyezaa watoto watatu, na wote watatu wakawa wagonjwa.

Mwalimu, nimesoma hadi kidato cha nne na hisabati sikuiweza. Kati ya mume wangu na dada yangu, nani amesema kweli? Je, tuzae au tuache? Na ile karatasi niifanyeje, maana kila nikiiona ninatamani kuichoma?

Mama wa Wawili, Uyole, Mbeya

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nitatanguliza jibu, kwa kuwa najua ndilo unalolingoja, kisha nitakueleza linakotoka ili uweze kulisimamia mbele ya mume wako bila kunitegemea mimi. Katika mimba yenu ya tatu, uwezekano wa kupata mtoto mwenye SS ni mmoja kati ya wanne, yaani 25 kati ya 100. Ulikuwa huohuo kabla kijana wako hajazaliwa, ukawa huohuo kabla ya binti, na utakuwa huohuo hata mkifika mtoto wa saba. Kwa hiyo mume wako amekosea, na dada yako pia amekosea, kila mmoja kwa upande wake.

Mume wako, hata hivyo, usimwone mjinga. Hesabu yake ni sahihi, ila ni hesabu ya kitu kingine. Chukua viazi vinne, kimoja kikiwa kimeoza ndani bila kuonekana kwa nje, uvitie katika ndoo. Ukitoa kimoja, ukakikata na kukuta ndicho kilichooza, vitatu vilivyobaki una hakika navyo hata usipovikata, kwa sababu ulijua tangu mwanzo kwamba kibovu ni kimoja na sasa kimeshatoka. Katika ndoo ya namna hiyo, kila kinachotoka hubadilisha habari za vilivyobaki. Mume wako ameichukulia familia yenu kuwa ndoo hiyo, kana kwamba mahali fulani watoto wanne walikwisha kupangwa, mmoja mgonjwa na watatu wazima, wakisubiri zamu zao. Lakini katika uzazi, ndoo hujazwa upya kila mara. Viazi vilevile vinne hurudishwa, kibovu kikiwemo, kisha mkono huingizwa tena bila kuangalia.

Kosa lenyewe limeanzia kwenye ule mchoro. Mraba wa vyumba vinne ni chombo cha zamani cha kufundishia elimu ya urithi. Wanafunzi wa baiolojia wanaufahamu kwa jina la Mwingereza Reginald Punnett, aliyeubuni mwanzoni mwa karne ya 20. Vyumba vyake vinne si watoto wanne. Ni njia nne ambazo mimba moja inaweza kupitia. Muuguzi aliyewahudumia alisema kweli, lakini katika haraka ya foleni yalipungua maneno matatu, nayo ni haya: kwa kila mimba. Nimefundisha hisabati miaka mingi na sijaona maneno matatu ambayo kukosekana kwake kumepotosha watu wengi kiasi hiki.

Sasa tuingie ndani kidogo. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za kinasaba kinachoelekeza jinsi hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, itakavyotengenezwa, moja aliyopewa na baba na nyingine aliyopewa na mama. Wewe una nakala moja ya A na moja ya S, na mume wako vilevile. Mimba inapotungwa, wewe hutoa moja tu kati ya mbili zako, na yeye hutoa moja tu kati ya zake, na hakuna anayechagua ni ipi. Mtoto akipata S kutoka kwako na S kutoka kwa baba yake, ndipo anapokuwa SS. Akipata S moja tu, kutoka upande wowote, anakuwa AS kama binti yako. Akikosa zote, ni AA.

Jambo hili linafanana mno na kurusha sarafu mbili, na ninapenda tulifanye kwa sarafu ya shilingi 200, kwa sababu ina picha ya Mzee Karume upande mmoja na simba upande wa pili, na neno simba linaanza kwa herufi ileile ya S. Sarafu moja ni yako, nyingine ni ya mume wako. Zirusheni pamoja. Zikianguka simba kwa simba, huyo ni mtoto wa SS. Zikianguka Karume kwa Karume, ni AA. Zikitofautiana, ni AS, na hilo ndilo litakalotokea mara nyingi zaidi, kwa kuwa kuna njia mbili za kulipata: simba wako na Karume wake, au Karume wako na simba wake. Hivyo ndivyo vyumba vinne vya karatasi vinavyozaliwa.

Kabla ya kukuandikia nilifanya jaribio hili mezani kwangu hapa Iringa pamoja na mjukuu wangu wa darasa la sita. Tulirusha sarafu mbili mara 40, tukaita kila mirusho minne familia moja, tukapata familia kumi. Simba kwa simba walitokea mara 11, ambayo ni karibu kabisa na ile kumi tuliyoitazamia. Lakini hao 11 hawakujigawa mmojammoja kwa kila familia kama mume wako anavyotarajia. Familia tatu hazikupata hata mmoja, nne zilipata mmoja, mbili zilipata wawili, na moja ikapata watatu mfululizo, hata mjukuu wangu akagoma kurusha mara ya nne kwa madai kwamba sarafu zimeharibika. Nilimwambia sarafu hazijaharibika. Hazikumbuki tu zilichofanya dakika moja iliyopita. Alirusha, zikatofautiana, akapumua kana kwamba mtoto huyo ni wake.

Nisingependa utegemee meza yangu peke yake, kwa hiyo nikupe hesabu kamili. Tuseme tuna familia 256 ambazo wazazi wote wawili ni AS, na kila familia ina watoto wanne. Kwa wastani, familia 81 hazitakuwa na mtoto yeyote wa SS. Familia 108 zitakuwa na mmoja. Familia 54 zitakuwa na wawili, 12 zitakuwa na watatu, na moja itakuwa na wote wanne. Tazama hiyo 108 kwa makini, kwa sababu ndiyo familia ambayo mume wako anaamini ni ya kila mtu: mmoja mgonjwa, watatu wazima. Haifiki hata nusu ya familia zote. "Mmoja kati ya wanne" ni kweli tukiwajumlisha watoto wote 1,024 wa familia hizo pamoja, lakini si ahadi aliyopewa mama yeyote mmoja kwa watoto wake.

Kwa upande wenu, watoto wawili wameshazaliwa na hali zao zinajulikana, kwa hiyo hawaingii tena katika hesabu ya mbele. Swali lililobaki ni la hao wawili ambao mume wako anawataka. Chukua wanandoa 16 walio kama nyinyi, kila jozi ikizaa wawili. Kwa wastani, jozi tisa zitapata watoto wawili wasio na SS, sita zitapata mmoja mwenye SS, na moja itapata wote wawili wenye SS. Maana yake ni kwamba uwezekano wa ndoto ya mume wako kutimia kama ilivyo ni tisa kati ya 16, yaani takriban 56 kati ya 100, ilhali yeye anaishika kama 100 kati ya 100. Wewe ni mfanyabiashara. Ungeuziwa gunia la lumbesa, lile linalojazwa kupita mdomo, ukalipa bei ya lumbesa, kisha ukakuta limejaa kwa kupita nusu kidogo tu, usingesema ni tofauti ndogo. Na mkiamua kuzaa mmoja tu, basi ni watatu kati ya wanne kwamba hatakuwa na SS, na mmoja kati ya wanne kwamba atakuwa nayo.

Namna ya kumweleza mume wako ni kwa kazi yake mwenyewe. Ameshuka mlima Kitonga mara nyingi kuliko mimi nilivyoingia darasani. Muulize kama amewahi kumsikia dereva mwenye akili timamu akisema kwamba, kwa kuwa jana lori limeanguka kwenye kona ile, leo Kitonga imeshiba, na yeye anaweza kuliachia gari lishuke lenyewe. Atacheka. Mlima hauna daftari la waliopita salama wala la waliopinduka. Kila lori linalofika juu huanza upya na breki zake na mzigo wake. Mimba nayo haina daftari, ila mume wako ameiandalia moja kwa wino mwekundu. Vijana wanaobeti nao huanguka katika shimo hilohilo wanaposema timu yao imefungwa mara nne, kwa hiyo ya tano lazima ishinde, wakaweka fedha ya pembejeo kwenye mkeka. Lakini hao tuwaache kwa leo.

Dada yako wa Rujewa ana kosa la upande wa pili. Mume wako ameugeuza uwezekano kuwa uhakika wa heri, naye ameugeuza kuwa uhakika wa shari. Kama damu zenu zingekuwa "hazipatani" kwa maana anayoisema, binti yako asingekuwa na A hata moja, lakini anayo, na kipimo kimeionyesha. Jirani yake mwenye watoto watatu wagonjwa si uongo. Kati ya jozi 64 za AS kwa AS zenye watoto watatu, moja kwa wastani hupatwa na hilo, na Tanzania, ambako inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, jozi za namna hiyo ni nyingi vya kutosha hata kila mtu akawa anamjua mmoja au kumsikia. Tatizo ni kwamba jirani huyo anajulikana mtaa mzima, wakati zile jozi 27 kati ya 64 ambazo hazikupata mtoto mgonjwa hata mmoja hazijulikani na mtu. Wengi wao hata hawajui kwamba ni AS, kwa kuwa hakuna kilichowapeleka kupima. Dada yako anahesabu wale wanaoonekana tu, na mtu yeyote angeogopa kwa hesabu hiyo.

Kuhusu mama mkwe, nitasema machache, na nakuomba usiyafikishe wewe; mume wako ndiye anayepaswa kuzungumza na mama yake. Hakuna mtoto wa SS anayeupata ugonjwa kutoka upande mmoja. S moja ya kijana wako ilitoka kwako na nyingine ilitoka kwa baba yake, naye baba yake aliipata kwa mmoja wa wazazi wake. Kwamba katika ukoo wao hajasikika mgonjwa hakuthibitishi kitu, kwa sababu AS akimwoa AA hawawezi kumzaa mtoto wa SS, ingawa kila mtoto wao ana nusu ya uwezekano wa kukibeba kinasaba. Kwa njia hiyo S inaweza kutembea kimyakimya kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu bila mtu kulazwa. Tena hakina aibu yoyote. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba watu wenye AS hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu kinasaba hiki kimeenea zaidi mahali ambako malaria ilitesa watu kwa karne nyingi, na kandokando ya Ziwa Victoria ni mojawapo. Nchi ya joto ya Kyela nayo inaijua malaria kuliko baridi yenu ya Uyole. Wazee wa pande zote mbili walikibeba kwa sababu kiliwasaidia kuishi. Angalia tu usichanganye: kinga hiyo ni ya AS, si ya SS. Kijana wako yuko katika hatari kubwa zaidi akipata malaria, na chandarua chake si jambo la kusahau mnapokwenda Kyela kusalimia.

Umeuliza kama mzae au muache. Hapo namba inafika mwisho wa kazi yake, kwa sababu mmoja kati ya wanne haisemi kama ni kubwa au ndogo. Wanaosema ni wale watakaoamka usiku. Najua wenzi waliotazama uwezekano huohuo wakaamua kutozaa tena, na najua waliozaa wakijua, na sikuona upande uliokuwa na akili zaidi. Ninachokataa ni kuamua kwa kutumia hesabu ya ndoo. Kama mume wako, baada ya kuelewa kwamba ni 56 na si 100, bado anataka wawili, huo ni uamuzi wa mtu mzima ambao mnaweza kuujadili. Muulize pia juu ya zamu za kulala hospitalini, kwa kuwa yeye yuko barabarani siku nne kwa wiki, na hatari ambayo watu wawili wanaikubali pamoja haipaswi kubebwa na mgongo mmoja.

Kuna jambo moja ambalo mume wako, kama dereva, atalielewa haraka. Uwezekano wa ajali ni kitu kimoja, na ukubwa wa madhara yake ni kitu kingine. Kinasaba hamkipangii, kama vile dereva hawezi kuuondoa mlima, lakini madhara mnaweza kuyapunguza sana kwa kujua mapema. Mkipata mtoto wa tatu, apimwe katika siku au wiki zake za kwanza, msisubiri avimbe vidole. Kijana wako alionekana mzima hadi alipokaribia miezi tisa kwa sababu mtoto mchanga bado anatumia hemoglobini aliyokuwa nayo tumboni, ambayo haiathiriwi na S, na hiyo hupungua taratibu hadi karibu na miezi sita. Mtoto wa SS akijulikana kabla ya hapo, huanzishiwa penisilini ya kinga mapema, kwa kawaida akiwa na miezi miwili au mitatu, na kuendelea nayo hadi miaka mitano. Hupewa chanjo zote kwa wakati. Na mama hufundishwa kupapasa tumbo ili ajue bandama inapovimba ghafla. Mtoto wa SS aliyejulikana akiwa na wiki mbili na yule aliyejulikana akiwa na miezi tisa walikuwa na uwezekano uleule wa kuzaliwa hivyo, lakini hatari zinazowakabili hazilingani hata kidogo.

Kwa kijana mliye naye, mambo haya huenda mnayafahamu kutoka kliniki, lakini nitayataja kwa kifupi. Homa ikifika nyuzi 38, nendeni hospitali saa hiyohiyo, msijaribu dawa za dukani kwanza. Anywe maji mengi. Muulizeni daktari wake juu ya haidroksiyurea kama bado hajaanza, kwa kuwa ni dawa inayopunguza mara za maumivu makali. Baridi nayo huyachochea maumivu, na Uyole ya mwezi wa sita na wa saba unaijua kuliko mimi. Soksi na sweta kwake ni sehemu ya matibabu. Binti yako hahitaji dawa yoyote kwa ajili ya AS, ila siku moja akiwa mkubwa aambiwe hali yake, ili mchumba wake apimwe kabla ya mahari kupelekwa na si baada ya mtoto kulazwa.

Na karatasi usiichome. Mume wako ameitunza miaka yote hii katika daftari lake, na mtu hatunzi hivyo kitu asichokiogopa au asichokipenda. Ukiichoma atadhani umechoma matumaini yake, na mtabishana juu ya majivu badala ya hesabu. Akirudi kutoka Tunduma, mwache ale kwanza kama kawaida yake, kisha mpe sarafu mbili za 200 na umwombe arushe mwenyewe, minneminne, wewe ukiandika. Msiishie kwenye familia moja wala mbili, fikeni kumi. Akimaliza, chora mraba mpya kando ya ule wa zamani, juu yake andika "mimba moja", na usiruhusu mtu autie vema.